Shajara ya mradi: kurekodi kidumbak katika chumba cha nyumbani, Ng'ambo, Unguja

Mradi huu unahusu kurekodi kikundi kimoja cha kidumbak cha mtaani kwetu, kuanzia chumba kitupu hadi nyimbo ambazo wanakikundi wenyewe watazisikiliza na kuzikubali. Utayarishaji wa muziki ninajifunza hapo hapo, kazi ikiendelea. Shajara naiweka kwa ajili ya vijana wa Unguja na Pemba wanaoitamani kazi hii na hawana studio ya kuingia. Kwa hiyo bei nimezitaja zote, na yaliyoharibika nimeyaeleza kwa urefu kuliko yaliyokwenda sawa.

Kwa asiyekijua kidumbak, hicho ni fidla, sanduku, dumbaki mbili (ngoma ndogo za udongo), cherewa (vifuu vya kutikisa), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na mwimbaji. Ni muziki wa harusini, unaochukua nyimbo za taarab, kuziunganisha moja kwa moja na kuzipeleka mbio hadi hakuna anayebaki kitako. Sanduku ndilo besi yake. Asili yake ni kasha la mbao la majani ya chai lililofudikizwa, likatiwa fimbo na uzi mmoja.

14 Januari 2024: Vifaa

Kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika nimeipata Darajani kwa shilingi 700,000. Kadi ya sauti yenye matundu mawili ya kuingizia ni 480,000, maikrofoni moja ya kondensa 390,000, moja ya dainamiki 260,000, hedifoni za kuziba masikio 210,000, stendi mbili 90,000 na kebo 60,000. Programu ya kurekodia ni REAPER, ambayo mtu huruhusiwa kuijaribu kwa siku 60, kisha leseni yake ya bei nafuu kwa mtu binafsi ni dola 60 za Marekani, yaani kama shilingi 150,000. Jumla ni 2,340,000.

Spika za kumiksia sikununua. Katika chumba kisichotengenezwa, spika nzuri humdanganya msikilizaji sawa na spika mbaya, na fedha hiyo nimeona heri niiweke kwa ajili ya chumba.

3 Februari 2024: Mvumo

Kila nilichorekodi kilikuwa na mvumo mzito chini yake, wa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Nilipoupima kwenye programu nikauona umesimama kwenye 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), na mwingine mdogo kwenye 100 Hz. Umeme wetu ni wa volti 230 na mzunguko wa 50 Hz, kwa hiyo chanzo kilikuwa wazi. Kisichokuwa wazi kilikuwa njia unayopitia kuingia kwenye sauti.

Nilianza kwa kubadilisha mambo mengi kwa pamoja: soketi, kebo, pahala pa meza, hata taa. Mvumo ukipungua sikujua ni kipi kilichoupunguza, na ukirudi sikujua ni kipi kilichourudisha. Niliposhika daftari, nikabadilisha kitu kimoja tu kila mara na kuandika matokeo yake kabla ya kugusa kingine, mambo mawili yakajitokeza. La kwanza ni chaja ya kompyuta: ikichomolewa, sehemu kubwa ya mvumo inaondoka. La pili ni kebo moja ya bei rahisi yenye nyaya mbili, ambayo nilikuwa nimeilaza sambamba na waya wa umeme. Nimenunua kebo za nyaya tatu kwa 45,000. Katika kebo hizo sauti husafiri kwenye nyaya mbili kwa namna inayopingana, na mlio wa nje ulioingia njiani hujifuta mwishoni. Tangu hapo kompyuta naijaza chaji kabla ya kurekodi, na wakati wa kurekodi inatumia betri yake peke yake.

Utaratibu huo wa kitu kimoja kwa mara moja, na kuandika, ndio nilioutumia katika kila hatua iliyofuata. Kwa tabia mimi ni mtu wa haraka, na daftari hili limenilazimisha kuwa mtulivu kuliko nilivyozoea.

18 Februari 2024: Kikundi chote kwa mara ya kwanza

Ni mwezi wa Shaabani, harusi ni nyingi kabla ya Ramadhani, na kuwapata wapigaji wote kwa usiku mmoja kulitaka subira. Tulianza baada ya sala ya isha, kwa sababu msikiti uko karibu nasi na ratiba ya kurekodi lazima ifuate sala. Pangaboi tulilizima. Katika joto la kaskazi, chumba kilichofungwa madirisha na chenye watu saba ndani hakivumiliki kwa muda mrefu, na uamuzi wa kupumzika kila baada ya wimbo ulikuwa wa lazima.

Nilikodi kadi ya matundu manane pamoja na maikrofoni za ziada kwa shilingi 80,000, nikaweka maikrofoni kwa kila chombo, nikawapa wapigaji hedifoni na kuwawekea metronomu masikioni, yaani mlio unaogonga kwa mwendo mmoja. Chakula na bahashishi ya wapigaji ilikuwa 150,000. Matokeo ya usiku ule hayakufaa kutumika, na sababu zake zilikuwa tatu.

Kwanza ni metronomu. Kidumbak hakiendi kwa mwendo mmoja. Mpiga fidla huusukuma mwendo, dumbaki humjibu, wachezaji wakipamba moto mwendo unapanda tena, na mpando huo ndio raha yenyewe. Niliifunga metronomu kwenye mapigo 112 kwa dakika, nikiamini kwamba baadaye ingenirahisishia kukata na kuunganisha. Wapigaji waliifuata kwa adabu, na muziki ukapoa kabisa. Baada ya wimbo wa pili mpiga fidla, ambaye sote humwita Maalim, alivua hedifoni, akaziweka juu ya mapaja yake na kusema kwa upole: "Mwanangu, hichi kinachogonga hakimsikilizi mtu. Sisi tunasikilizana." Nilimweleza habari ya kukata na kuunganisha. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza: "Unataka kukata nini, na sisi hatujapiga bado?" Nikaizima metronomu.

Pili ni sauti kuchelewa kufika kwenye hedifoni. Nilikuwa nimeiweka programu ichukue sampuli 1024 kwa kila mkupuo, na sampuli ni kile kipande kidogo kabisa cha sauti ambacho kompyuta hukihesabu. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, mkupuo huo peke yake ni zaidi ya milisekunde 21, tena sauti inaingia na kutoka. Mpiga dumbaki alisikia pigo lake likija nyuma ya mkono wake, na akawa anarekebisha kosa lisilokuwa lake. Nilishusha hadi sampuli 128, yaani kama milisekunde 2.7, lakini kompyuta ikaanza kukwaruza kwa sababu treki, yaani rekodi ya kila maikrofoni peke yake, zilikuwa nyingi. Dawa iliyofaa ni ile iliyomo kwenye kadi yenyewe: kitufe kinachompa mpigaji sauti yake moja kwa moja kabla haijapita kwenye kompyuta.

Tatu, na ndilo lililonigharimu muda mwingi kulielewa, ni maikrofoni kufutana. Nikisikiliza treki ya dumbaki peke yake, sauti ilikuwa nene. Nikifungua na treki ya fidla, dumbaki ikabaki ngozi tupu bila tumbo. Sauti ya dumbaki ilikuwa ikiingia pia kwenye maikrofoni ya fidla, kwa kuchelewa, kwa sababu maikrofoni ile ilikuwa mbali zaidi kwa kiasi cha mita 1.2. Katika joto la huku, karibu digrii 28, sauti husafiri mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo mita 1.2 ni kama milisekunde 3.4. Sauti ya 145 Hz huwa imekwenda nusu ya wimbi kwa muda huo, na zile mbili zikikutana moja inapanda wakati nyingine inashuka, zikauana. Karibu na 145 Hz ndipo tumbo la dumbaki zetu lilipo. Kanuni inayofundishwa ni kwamba maikrofoni mbili zitengane walau mara tatu ya umbali wa kila moja na chombo chake. Katika chumba cha mita tatu, chenye maikrofoni saba, kanuni hiyo haitekelezeki.

Jambo dogo la nne nalitaja kwa sababu ni rahisi kulikwepa: dumbaki ikipashwa moto ngozi inakaza, na pigo linakuwa kali kuliko lilivyokuwa wakati wa kupima. Sasa napima baada ya ngoma kupashwa, na naacha vilele vya sauti vibaki desibeli 12 chini ya ukomo. Kwa kuwa narekodi kwa biti 24, kiwango chenye undani mkubwa wa sauti, nafasi hiyo haipunguzi ubora wowote unaosikika.

30 Machi 2024: Chumba

Huu ni mwezi wa Ramadhani na muziki umesimama, kwa hiyo nimeutumia kwa useremala.

Chumba kina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya saruji na paa la mabati lenye dari ya mbao nyembamba. Ni mita tatu kwa tatu. Ukipiga kofi katikati, unasikia mlio wa mfululizo kati ya kuta mbili, kama mjusi anayelia ndani ya debe. Huo ni mwangwi wa juu, na ndio ulio rahisi kuutibu. Shida kubwa iko chini. Wimbi la sauti ambalo nusu yake inalingana na urefu wa chumba hunaswa kati ya kuta na kuvuma. Kwa mita tatu, ni 348 gawanya kwa sita, yaani 58 Hz. Kwa kuwa urefu na upana ni sawa, mvumo huo unatokea pande zote mbili kwa mara moja. Hii ndiyo sababu ya noti moja ya sanduku kulipuka mwezi uliopita na jirani zake kutosikika. Mpigaji nilimshuku bure, na nilimwendea kumwomba radhi.

Sponji maalumu za studio kuziagiza kutoka nje ni ghali, na zile nyembamba hazifanyi kazi kubwa. Nilifikiria sufi, kisha nikachagua usumba, kwa kuwa ni mwingi na nyuzi zake zinaacha hewa ipite na kuikwamisha humo humo, ambalo ndilo jambo linalohitajika. Niliupata kwa akinamama wa Bwejuu wanaofukia makumbi pwani na kuyaponda kwa kamba. Mmoja wao alinionyesha namna ya kuuchambua: unaushika fungu, unaukung'uta juu ya goti hadi vumbi la kahawia likome kudondoka, ndipo unauvuta pande mbili ukiwa umelegea. Usumba uliobana hauingizi sauti ndani.

Nimetengeneza fremu sita za mbao, mita 1.2 kwa sentimita 60, kina chake sentimita 10. Nimezijaza usumba uliolegezwa, nimezifunika kwa kitambaa cha pamba ambacho mtu akipulizia kwa mdomo pumzi inatoka upande wa pili, na nimezitundika sentimita tano mbali na ukuta. Nafasi ile ya nyuma ni ya bure na inaongeza nguvu ya fremu kwa sauti za chini kidogo. Mbao ni 96,000, usumba 70,000, kitambaa 48,000, misumari na gundi 14,000, jumla 228,000. Tahadhari: usumba unashika moto upesi, kwa hiyo fremu zikae mbali na taa zinazotoa joto na mbali na soketi zenye cheche.

Kofi sasa linakufa palepale. Mvumo wa 58 Hz haukuondoka, na mwenye kurudia kazi hii asitarajie uondoke. Robo ya wimbi lake ni mita moja na nusu, na fremu ya sentimita kumi kwake ni kama haipo. Kilichosaidia ni pahala. Katikati ya chumba mvumo huo hausikiki sana na kwenye kona unasikika kupita kiasi, kwa hiyo sanduku nimelitoa kwenye kona na kulisogeza kuelekea katikati. Nilipomwambia Maalim kwamba sanduku halitakaa tena kwenye kona, alinijibu kwamba harusini hawaliweki kwenye kona hata siku moja, na kwamba angenieleza hayo tangu Februari lau ningemuuliza. Nimeongeza swali hilo kwenye daftari, na sasa kabla ya kila kipindi ninawauliza wapigaji namna wanavyopenda kukaa.

5 Mei 2024: Masika

Mvua ikipiga mabati hakuna kurekodi, na huo ni ukweli wa paa letu. Jambo lililonishughulisha zaidi ni unyevu. Fremu mbili zilizo upande wa ukuta wa nje zilitoa harufu ya tope la pwani, na nilipochana kitambaa nilikuta ukungu mweupe ndani. Usumba wake niliujaza ukiwa haujakauka vyema. Nimeuanika juani kwa siku zilizokuwa na jua, nimeugeuza kila baada ya muda, na kitambaa nimekibadilisha kwa 24,000. Nimewaeleza wenzangu wawili wanaotaka kufanya kazi hii kwamba usumba wa kujazia ununuliwe wakati wa kiangazi na uanikwe hadi ukivunjwa utoe mlio.

Hewa ya chumvi nayo imeanza kuzila ncha za kebo, zikakwaruza kila zikiguswa. Zimesafishwa kwa spiriti na sasa zinalala, pamoja na maikrofoni ya kondensa, ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana na pakiti za kunyonya unyevu. Ndoo na pakiti ni 30,000.

29 Juni 2024: Maikrofoni moja

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV. Kurekodi kwa maikrofoni ya umeme kulikuwa kumeanza kutumika miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1925, na hakukuwa na treki nyingi za kusahihisha baadaye: sauti zote zilikwenda pamoja kwenye sahani, na mizani ya mwimbaji na vyombo ilipatikana kwa kuwapanga watu mbele ya maikrofoni. Upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika tatu, wimbo ukikosewa unaanzwa upya. Nilikuwa nikiijua habari hiyo kama historia. Niliporudi kuisoma baada ya Februari niliisoma kama maelekezo ya kazi, na nikaamua kuyafuata kwa vifaa vyangu viwili.

Maikrofoni ya kondensa tuliiweka katikati ya duara, urefu wa kifua cha mtu aliyesimama. Ile ya dainamiki tuliiweka karibu kabisa na sanduku, upana wa kiganja kutoka kwenye mbao, upande usio na uzi. Hedifoni hakuvaa mtu isipokuwa mimi. Metronomu haikuwepo.

Kazi yote ilikuwa ya kuhamisha watu. Mwimbaji alianza akiwa sawa na fidla, akamezwa. Tukamsogeza mbele kwa kiasi cha hatua moja, akasikika, lakini herufi zake za *s* zikawa kali. Tukamgeuza kidogo ili pumzi ipite kando ya maikrofoni badala ya kuipiga usoni, zikatulia. Dumbaki tulizirudisha nyuma hadi karibu na fremu za usumba. Cherewa ndizo zilizonishangaza: ni chombo kidogo, vifuu vyenye mbegu ndani, lakini sauti yake ya juu inapenya kuliko zote, na ilibidi mpigaji asimame nyuma ya mpiga dumbaki, mwili wa mwenzake uwe pazia. Mpiga fidla hakutaka kusogea. Alisikiliza rekodi ya majaribio kwenye hedifoni zangu, akafumba macho, kisha akasimama na kuhama mwenyewe hadi nusu hatua kushoto. Rekodi iliyofuata ilikuwa na mizani.

Baada ya hapo walipiga nyimbo nne, mwendo ukipanda kama unavyopanda harusini. Wimbo wa tatu ulikuwa na kosa dogo la fidla katikati yake, nami nilitaka urudiwe. Wapigaji walisema ubaki, kwa sababu mwimbaji hajawahi kuuimba vile. Nilitaka kubishana, nikanyamaza, na usiku ule ule niliposikiliza peke yangu nilikubaliana nao. Kazi ya mtayarishaji, kama ninavyoielewa sasa, sehemu yake kubwa inakwisha kabla ya kitufe chekundu kubonyezwa, na sehemu nyingine ni kujua lini watu waachwe.

Bahashishi na chakula ni 150,000.

27 Julai 2024: Sauti ya mwimbaji

Programu ya kunyoosha sauti nilikuwa nimejifunza kuitumia kwenye nyimbo za vijana, ambako inafaa. Niliipitisha kwenye wimbo mmoja wa kidumbak, kwenye kipande ambacho mwimbaji anaimba karibu peke yake, ili nione itafanya nini. Iliharibu.

Programu hiyo inagawa oktavu katika noti 12 kwa hatua zilizo sawa, kama funguo za piano, na kila sauti isiyokaa juu ya mojawapo inavutwa hadi iliyo karibu. Lakini maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama rasti na bayati, yana noti zinazokaa kati ya funguo za piano. Taarab yetu ilipokea athari za Misri tangu enzi za Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na masikio ya waimbaji wetu yamelelewa humo. Pale ambapo mwimbaji wetu anateremka polepole kwenye neno na kulishikilia kati ya noti mbili, mashine ilisoma kosa na kulinyanyua. Neno likabaki, huzuni ikaondoka. Fidla, ambayo haina vizuizi vya noti kwenye shingo yake, ilikuwa imemfuata kwenye noti ile ile ya katikati, na sasa wawili hao wakasikika wametengana.

Programu hiyo ina sehemu ya kuandika maqamu kwa mkono, noti moja moja, na nilijaribu. Inawezekana, lakini mwimbaji hapiti juu ya noti ile ile kwa kiasi kile kile akipanda na akishuka. Nimeifuta kabisa kwenye mradi huu. Nilichofanya ni kupandisha na kushusha nguvu ya sauti kwa mkono, neno kwa neno, ili mashairi yasikike, kwani msikilizaji wa huku asipopata maneno huona ameibiwa.

8 Septemba 2024: Miksi

Kwa kuwa treki ni mbili tu, kumiksi kulikuwa kufupi. Niliondoa kila kitu chini ya 40 Hz, nikapunguza kidogo karibu na 58 Hz kwenye maikrofoni ya sanduku, na treki ya sanduku nikaisogeza mbele au nyuma kwa sehemu za milisekunde hadi ikakubaliana na ile ya katikati. Mwangwi wa bandia niliutia kidogo sana.

Tatizo lilijitokeza nje ya chumba. Kwenye hedifoni sanduku lilikuwa zuri, na kwenye simu halikuwepo kabisa. Spika ya simu haina nguvu kwenye sauti za chini, na watu wengi watausikiliza wimbo huu kwenye simu. Kuongeza besi hakusaidii, kwa sababu unaongeza kitu ambacho spika haiwezi kukitoa. Kilichosaidia ni kuipitisha treki ya sanduku kwenye kifaa cha kukwaruza sauti kidogo, ambacho huzaa sauti za juu zilizo mafungu ya ile ya asili. Noti ya 70 Hz inazaa 140, 210 na 280, simu inazitoa hizo za juu, na sikio la binadamu linaijaza yenyewe ile ya chini iliyokosekana. Kiasi chake ni kidogo: ukikisikia waziwazi umekwisha kuzidisha.

Kwenye kumasta, yaani hatua ya mwisho kabla ya wimbo kutoka, toleo la kwanza nililibana hadi likawa na ukali wa -8 LUFS (kipimo cha ukali wa wimbo mzima; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo ukali unavyozidi), nikifikiri kwamba wimbo wenye kelele zaidi ndio utakaosikilizwa. Pigo la dumbaki likalala. Tena Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo hadi karibu -14 LUFS, kwa hiyo ukali ule ungeshushwa na kilichobanwa kingebaki kimebanwa. Toleo la sasa liko kwenye -13, na dumbaki zimerudi kuruka.

Nimelisikiliza kwenye redio ya dukani, kwenye simu tatu za watu tofauti na ndani ya daladala ya jamaa yangu wa njia ya Amani, ambako sanduku lilizidi. Nimelishusha kwa desibeli moja na nusu, na hapo nimeliacha.

20 Oktoba 2024: Makubaliano na hesabu

Kabla ya nyimbo kutoka, tulikaa barazani kwa Maalim na kuandika karatasi moja: nani alipiga nini, mashairi ni ya nani, na kinachopatikana kinagawiwa vipi. Ilichukua jioni nzima na haikuwa nyepesi. Mimi nilipendekeza fungu langu liwe sawa na la mpigaji mmoja, bila kuhesabu vifaa, kwa sababu vifaa vinabaki kwangu. Wimbo mmoja kati ya ile minne una mashairi ya mtu aliyekwisha kufariki, na huo tumeuweka kando hadi tuzungumze na watoto wake. Itakayobaki tutaipeleka kusajiliwa COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, iliyoundwa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003. Namshauri kila anayeanza aandike karatasi kama hii kabla ya kurekodi. Sisi tulichelewa, na tulisalimika kwa sababu ya ihsani ya wazee.

Faili zote nimezinakili kwenye diski mbili za nje, moja inakaa kwangu na nyingine kwa dada yangu Chake Chake, kwa jumla ya 260,000. Matumizi yote tangu Januari ni shilingi 3,307,000.

Lililobaki ni noti moja ya sanduku ambayo bado inavimba. Mpigaji amependekeza tukaze uzi ili noti hiyo ihame juu kidogo ya 58 Hz, na amekwisha kuanza kuizoea. Vuli ikipita, tukipata usiku usio na harusi, tutarekodi nyimbo tatu nyingine kwa mpango ule ule wa Juni, mpiga cherewa akiwa tangu mwanzo nyuma ya mwenzake.